Kukopa Arusi, Kulipa Matanga
Somo la nyumba za Wakristo juu ya gari la mkopo

Yasomwe kwanza: Luka 14:28-30, 2 Wafalme 4:1-7, Mithali 22:7.

Mwezi huu twaleta somo ambalo tungalipenda liandikwe na mtu mwingine, kwa kuwa aibu iliyomo ni yetu wenyewe. Sisi ni mume na mke, waalimu wa shule, washarika wa pande hizi za Lindi. Tulinunua gari kwa mkopo, nalo lilituzidi nguvu; tukalitumikia miezi 20, kisha tukaliuza. Wazee wa pwani walisema zamani ya kuwa kukopa ni arusi, na kulipa ni matanga. Neno hilo tulilijua tangu utoto, wala halikutuzuia. Basi twaandika ili nyumba nyingine ipate kuzuiliwa; na ile iliyokwisha kuingia, ipate kuiona njia ya kutoka.

1. Mnara usiomalizika

Bwana Yesu asema habari za mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo yampasa kukaa kwanza na kuhesabu gharama, ajue kama anacho cha kumalizia. Asije akaweka msingi, akashindwa, na wapitao wakamcheka. Twajua ya kuwa Bwana alikuwa akifundisha gharama ya kumfuata Yeye, wala si biashara. Lakini yafaa tuone mfano wake aliutwaa wapi: aliutwaa katika hesabu ya watu wa kawaida. Hakusema ya kuwa mwenye imani hana haja ya kuhesabu. Alilihesabu jambo hili kuwa akili iliyo wazi kwa kila mtu.

Sisi watu wa pwani hii hatuna haja ya kwenda mbali ili kuuona mnara wa namna hiyo. Aliyepata kuvuka kwa mashua toka Kilwa Masoko mpaka Kilwa Kisiwani ameonyeshwa magofu ya Husuni Kubwa, juu ya jabali lielekealo bahari. Jumba lile lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Ndiye sultani aliyesifiwa kwa ukarimu na msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Lakini halikumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Msikiti mkuu uliokuwa mjini, kati ya nyumba za watu, ulitumika vizazi vingi baadaye. Jumba la fahari likaachiwa popo na mizizi. Hatusemi ya kuwa sultani yule alikopa. Twasema tu ya kuwa ukubwa wa kitu haukihakikishii maisha.

Mfano wa pili u karibu zaidi na gari letu, maana ni habari ya mitambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia kufyeka zaidi ya ekari 3,000,000. Matrekta yaliyokwisha kutumika yalinunuliwa nchi za mbali na kuletwa kwa meli; mengi yakaharibika upesi, na vipuri havikuwapo. Reli ikajengwa toka Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea, kwa ajili ya mizigo ya karanga ambazo hazikupatikana kama walivyotumaini. Mwaka 1951 mpango ule mkubwa uliachwa, na hasara ilihesabiwa kuwa kama pauni 36,000,000. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962. Wakubwa wale walikuwa na wataalamu na makarani wengi. Walichokosa ni kuhesabu kabla ya kununua. Tena walipoanza kuona hasara, waliendelea kutia fedha kwa muda, kwa kuwa ni vigumu kwa mtu kusema mbele za watu, Tulikosea.

Tuliposoma habari hizo tulijiona wenyewe ndani yake.

2. Jinsi tulivyopanda

Mwishoni mwa mwaka 2022 tulikuwa na akiba ya shilingi 12,000,000, tuliyoiweka miaka mingi kwa mishahara na kwa ufuta wa shamba letu dogo. Gari tulilolipenda lilikuwa la shilingi 30,000,000, kubwa, la kupanda juu, la kuvuka matope na mchanga. Lilipungua 18,000,000. Benki moja ikakubali kutukopesha hizo kwa miezi 48, zikatwe katika mshahara wa mmoja wetu.

Je, tulijiambia nini? Tulijiambia ya kuwa gari ni kwa kazi ya Bwana. Tulisema, Tutawachukua wainjilisti mpaka mitaa ya mbali, tutawapeleka wagonjwa hospitali, tutaibeba kwaya. Maneno haya hayakuwa uongo mtupu, na ndiyo sababu yalitudanganya vizuri. Maana kazi ile ingaliweza kufanywa kwa pikipiki, au kwa basi, au kwa gari dogo la kukodi siku chache katika mwaka. Lakini hatukutaka kufika tu. Tulitaka tuonekane tumefika. Mwenzetu shuleni alikuwa na gari. Jirani alikuwa na gari. Nasi katika kikao cha arusi tulichoka kuwa watu wa kutafutiwa nafasi katika gari la mwingine.

Siku tulipolileta nyumbani watu walikuja kutupongeza. Mchungaji aliombwa kuliombea, akaliombea. Hakuna aliyetuuliza hesabu, wala sisi hatukumwambia mtu. Hiyo ndiyo arusi.

3. Hesabu ambayo yatupasa kuifanya kwanza

Hapa twawaomba wasomaji wachukue karatasi na kalamu, kwa maana sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko zote.

Mkopo wetu ulikuwa wa riba ya 17 kwa 100 kwa mwaka, na riba ilihesabiwa juu ya deni lililobaki. Rejesho la kila mwezi likawa karibu shilingi 519,400. Ukizidisha kwa miezi 48 wapata karibu 24,930,000. Basi kwa kupewa 18,000,000 tulikubali kurudisha karibu 7,000,000 zaidi.

Lakini jihadharini na jambo hili. Wako wakopeshaji wanaotaja riba ile ile, 17 kwa 100, lakini huihesabu juu ya deni lote la mwanzo kwa miaka yote, hata kama nusu umekwisha kulipa. Kwa hesabu hiyo riba ya miaka 4 ni 12,240,000, na rejesho la mwezi ni 630,000. Tarakimu ni moja mdomoni, lakini mfukoni zatofautiana kwa zaidi ya shilingi 5,300,000. Kwa hiyo usimwulize mkopeshaji riba ni ngapi tu. Mwulize hivi: Nitalipa jumla ya shilingi ngapi mpaka siku ya mwisho? Naye akuandikie.

Tena rejesho si gharama yote. Gari likiwa dhamana, mkopeshaji hutaka bima kubwa; ya kwetu ilitutoka kama shilingi 100,000 kwa mwezi, ukiigawanya mwaka mzima. Mafuta yalikula 240,000. Tairi, fundi na vipuri, tukichukua wastani, 120,000. Jumlisha na rejesho: ni shilingi 979,400 kila mwezi. Mapato ya nyumba yetu, mishahara miwili pamoja, yalikuwa 1,650,000. Yaani katika kila shilingi 10 tulizopata, karibu 6 zilikwenda garini. Na zile 4 zilizobaki ziligawanywa kwa chakula, karo, dawa za mama, na sadaka.

Mtu aweza kusema, Mbona kanuni inamlinda mtumishi wa umma, ibaki theluthi moja ya mshahara wake? Ndiyo, nasi theluthi ilibaki, na zaidi. Lakini kanuni hiyo yahesabu makato ya mshahara tu. Haijui tairi, haijui mafuta, haijui mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Jambo lililoruhusiwa na kanuni laweza kuwa halikuruhusiwa na chungu chako.

4. Matanga

Mwaka wa kwanza tulivumilia. Kitu cha kwanza kupungua kilikuwa sadaka, kwa kuwa Mungu hana karani wa kutuma barua ya madai. Cha pili kilikuwa safari zile za mitaani. Tazameni ajabu hii: gari lililonunuliwa kwa ajili ya kazi ya Bwana lilikaa chini ya mwembe siku sita katika juma, kwa kuwa fedha ya mafuta haikuwapo. Mwinjilisti aliendelea kwenda kwa baiskeli yake, akipita mlangoni petu, nasi tukajifanya hatumwoni.

Mapema mwaka 2024 karo ilitushinda, nasi tukaenda kwa mkopeshaji mdogo, wa ile mikopo ambayo watu huiita kausha damu. Tulichukua fedha kidogo, tukaweka friji na televisheni kuwa dhamana. Deni lile likazaa haraka kuliko panya.

Kisha ukaja mwezi wa Mei mwaka huo huo. Gari lilikuwa limepelekwa Dar es Salaam kwa fundi. Mvua kubwa na kimbunga kilichoitwa Hidaya vikakata barabara pande za Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama huku na huku. Wako waliopata hasara kubwa kuliko yetu. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Kilwa walijua zaidi. Lakini tuliona jambo moja kwa macho yetu: barabara ilikatika, wala rejesho halikukatika. Tarehe ilipofika mshahara ulikatwa kama kawaida, kwa ajili ya gari lililokuwa ng'ambo ya maji, lisilotufaa kitu. Ndipo tulipolielewa neno la Mithali ya kuwa akopaye huwa mtumwa wake amkopeshaye. Tulikuwa tukidhani ya kuwa tuna gari. Kumbe gari lilikuwa na sisi.

Usiku ule mmoja wetu alisema, Tuliuze. Mwingine akajibu, Watu watasema nini? Tukanyamaza mpaka asubuhi. Twawaambia kweli, swali lile la pili lilitugharimu miezi mitatu zaidi.

5. Katekismo yatufundisha nini

Waalimu wa Kipaimara watakumbuka mambo haya matatu.

La kwanza, katika maelezo ya Amri ya Kwanza, ndani ya Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, Dk. Martin Luther aonyesha ya kuwa mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake wakitegemea, na ya kuwa mali ndiyo sanamu inayoabudiwa na wengi kupita zote duniani. Sisi hatukulisujudia gari. Lakini lilipopita mbele ya watu tulijiona wakubwa, na lilipokaa kwa fundi tulijiona si kitu. Basi moyo ulitegemea wapi?

La pili, katika Ombi la Nne la Sala ya Bwana. Luther alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, hakutaja chakula peke yake. Alitaja nyumba, shamba, mifugo, fedha, hata majirani wema. Kwa hiyo hatufundishi ya kuwa gari ni dhambi. Mkulima anayechukua mazao, mama anayechukua samaki toka Kilwa Kivinje, mwuguzi aitwaye usiku, hao gari laweza kuwa mkate wao. Neno lenye uzito hapa ni kila siku. Sisi tuliomba mkate wa leo, huku tumekwisha kuula mkate wa mwaka 2026, maana deni letu lilikuwa limeandikwa mpaka mwaka huo.

La tatu, Amri ya Tisa na ya Kumi hutukataza kutamani vya jirani. Wengi hudhani kutamani ni kutaka kumnyang'anya. Lakini kuna kutamani kwa namna nyingine, yaani kutaka kuwa kama yeye kwa fedha ambayo hatuna. Jirani haibiwi kitu. Anayeibiwa ni mtoto wako mwenyewe, na mama yako aliyeahirishiwa dawa.

6. Jinsi tulivyoshuka

Mwongozo wetu ulikuwa habari ya mjane katika 2 Wafalme 4. Mumewe alikufa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumlaumu. Alimwuliza ana nini nyumbani. Na baada ya Mungu kuyaongeza mafuta yake, nabii alimpa amri tatu kwa taratibu yake: auze, alipe deni, kisha aishi na wanawe kwa yatakayobaki. Sisi tulikuwa tumeigeuza taratibu hiyo. Tuliishi kwanza, tukalipa kwa shida, na kuuza hatukutaka kabisa.

Mwezi wa Agosti 2024, baada ya rejesho la 20, tulikwenda benki kuuliza deni lililobaki. Hapo tulipata fundisho jingine. Tulikuwa tumelipa karibu 10,390,000. Lakini deni lilikuwa limepungua kwa karibu 6,060,000 tu, likabaki 11,940,000. Zile nyingine, kama 4,330,000, zilikuwa riba. Katika miezi ya kwanza sehemu kubwa ya rejesho huliwa na riba, na aulizaye mapema hushtuka.

Gari tuliliuza kwa 21,000,000. Kwa kuwa kadi ya gari ilikuwa benki, hatukuweza kuuza gizani. Tulikwenda pamoja na mnunuzi mpaka benki, akalipa, deni likafutwa, kadi ikatolewa. Ada ya kulipa kabla ya wakati ikachukua kama 240,000. Mkononi zikabaki 8,820,000. Kwanza tulimlipa mkopeshaji mdogo 1,200,000, tukakomboa vitu vyetu. Kisha tulinunua pikipiki kwa 2,900,000, fedha taslimu. Zilizobaki, 4,720,000, zililipa karo, na nyingine tukaziweka akiba katika chama cha kuweka na kukopa.

Hasara yetu ilikuwa nini? Katika bei ya gari, 9,000,000. Katika riba na ada, karibu 4,570,000. Jumla yapata 13,570,000 kwa miezi 20, yaani karibu 680,000 kila mwezi, bila kuhesabu mafuta, bima wala fundi. Hiyo ndiyo bei tuliyoilipa ili tusiombe nafasi katika gari la mwingine.

Wenye vyombo husema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tulitembea tezi na omo mbele za watu. Tukarudi ngamani, mahali pa kutekea maji. Lakini ngamani ndipo chombo kinapookolewa kisizame. Juma lile la kwanza la pikipiki tulimfuata mwinjilisti wetu, tukamwomba radhi, tukaenda naye mpaka mtaa wa mbali. Mafuta ya safari ile yalikuwa ya shilingi elfu chache tu.

7. Kwa aliye ndani ya deni leo

Ndugu uliye katika hali kama yetu, shika haya.

(a) Jua hesabu yako kamili juma hili. Nenda kwa mkopeshaji, uombe kwa maandishi deni lililobaki na ada ya kulipa mapema. Kisha waulize watu watatu wanaojua magari bei ya kweli ya kuliuza, si bei ya matumaini.

(b) Ikiwa bei yazidi deni, uza ungali na hiari. Anayeuza kwa hiari huchagua mnunuzi. Anayeuziwa kwa nguvu huchaguliwa.

(c) Ikiwa deni lazidi bei, usikate tamaa, wala usikimbie. Hesabu upungufu, uende kwa mkopeshaji kabla hujakosa rejesho, mpatane. Yafaa kudaiwa upungufu wa 2,000,000 usio na tairi wala mafuta, kuliko kuendelea kulisha kitu kinachopungua bei kila mwezi.

(d) Usilipe deni kubwa kwa deni baya. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji yampasa awe na leseni. Uliza leseni, na usome mkataba kabla ya kutia sahihi.

(e) Usiweke rehani kitu kinachokupa riziki. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24:6, inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ni kutwaa uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la mvuvi ni mashua na nyavu; la fundi wa nguo ni cherehani; la mkulima ni shamba la mikorosho.

(f) Usimtie ndugu yako kuwa mdhamini wa fahari yako. Katika kitabu chake juu ya biashara na riba, cha mwaka 1524, Luther aliwaonya Wakristo wasijitie katika udhamini, kwa kuwa mtu hajui kesho yake mwenyewe, sembuse ya mwenziwe.

Twawakumbuka hasa vijana wanaochukua pikipiki kwa mkataba, wakilipa kila siku au kila juma mpaka iwe yao. Kazi hiyo ni halali, na wengi wamesimama kwayo. Lakini wahesabu kabla, si siku za jua tu. Wahesabu na siku za masika, siku za homa, na siku pikipiki ikaayo kwa fundi.

8. Kwa usharika

Neno letu la mwisho ni kwenu nyote. Tulipouza gari tuliogopa kicheko kuliko hasara. Wachache walicheka, ni kweli. Lakini mzee mmoja wa usharika alikuja jioni, akaketi barazani, akasema tu, Sasa mtalala. Neno lile lilitufaa kuliko mahubiri mengi. Hata leo twalala.

Basi ndugu akishuka kutoka gari kubwa kuja dogo, au kutoka dogo kuja baiskeli, au kutoka nyumba ya kupanga ya fahari kuja vyumba viwili, msimwulize amepatwa na nini kana kwamba ni msiba. Zakayo naye aliambiwa ashuke, akashuka kwa furaha, na siku ile wokovu ulifika nyumbani mwake. Tena alianza mara kurudisha vya watu. Na tunapoliombea gari jipya la mshiriki, tusione haya kumwuliza kwa upole, kabla ya kuomba, Je, ulikaa na kuhesabu? Kuuliza hivyo ni sehemu ya upendo.

Wazee husema, dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini dawa hiyo inaweza kunywewa mapema au kwa kuchelewa, na anayechelewa hunywa nyingi. Bwana wetu, aliyelipa deni ambalo sisi hatukuweza kulipa, atupe moyo wa kuridhika na vile tulivyo navyo, kama tufundishwavyo katika Waebrania 13:5. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Kwa nini Bwana Yesu alitumia mfano wa hesabu alipofundisha juu ya kumfuata?
2. Elisha alimpa mjane amri tatu. Zitaje kwa taratibu yake. Sisi huzigeuza kwa namna gani?
3. Mtu amekopa 18,000,000 kwa riba ya 17 kwa 100 kwa miaka 4. Eleza kwa nini jumla ya malipo yaweza kuwa karibu 24,930,000 au 30,240,000.
4. Katika nyumba yako, ni kitu gani kinachokula shilingi nyingi kuliko faida yake? Ungeweza kukishusha lini?
5. Usharika wetu ungewezaje kumpokea ndugu aliyeuza mali yake ili alipe deni, asione haya kuja kanisani Jumapili ifuatayo?